Ningu Hawakumkimbia Nyamoita

Mwaka ule samaki hawakupanda mto, na watu wa upande ule wa Magwagwa walipotafuta mtu wa kumlaumu hawakwenda mbali. Walimpata Nyamoita, mjane wa Ombui, amesimama kijitoni, gauni lake limelowa hadi magotini.

Ulikuwa mwaka wa 1965. Mvua za masika zilikatika kabla mahindi hayajafika kiunoni. Watu walipanga foleni kwa chifu kupewa mahindi ya manjano yaliyotoka Amerika, wakayala huku wakiyatukana. Katika hali kama hiyo mtu hutaka sana kujua kosa ni la nani, na mvua haina uso ambao mtu anaweza kuukasirikia. Nyamoita alikuwa nao.

Alizaliwa Kiogoro, karibu na mji wa Kisii, kwa watu wa migomba, na mpaka siku anaolewa hakuwa amemwona samaki akiwa hai. Kanisani kwa Wasabato walimbatiza Persis, jina likaandikwa kitabuni na likabaki humo humo. Nyumbani na sokoni alikuwa Nyamoita tu. Ombui alipomleta Magwagwa, kitu cha kwanza alichomwonyesha, hata kabla ya shamba, kilikuwa uzio wa samaki.

Uzio huo ulikuwa wa ukoo. Kuna kijito kinachoshuka kutoka vilimani, kinapita katika bonde la majani marefu, kisha kinaingia Mto Sondu. Hapo karibu na kuingilia, babu yake Ombui alisimika miti kutoka ukingo huu hadi ule, akaifuma kwa fito, akaacha milango michache ya kutegea migono, ile mitego ya kusuka yenye koo jembamba ambamo samaki huingia asijue pa kutokea. Karibu mwaka mzima uzio ulikaa kama boma lililohamwa. Masika ikishika, hapakuwa na mahali penye watu wengi kuliko pale.

"Samaki wetu, ningu, anaishi ziwani," Ombui alimweleza, "lakini hazalii ziwani. Anakaa kule akinenepa, akingoja. Siku maji ya mto yakifika ziwani yakiwa mekundu kwa udongo wetu, anayaonja. Akishayaonja, hakuna wa kumzuia."

Maji mekundu yalimwambia ningu kwamba huku juu mto umefurika, kwamba miamba ya njiani imefunikwa na inapandika, na kwamba majani ya bondeni yamezama, tayari kwa kutagia mayai. Basi walipanda, kundi kwa kundi, na waliokula nyama yao walipanda nao. Kambare waliwafuata nyuma. Fisi maji walitoka katika mashimo yao, wakaogelea usiku na mchana. Mdiria na korongo walijaa ukingoni. Mwisho wa safari yote hiyo alikuwapo binadamu, ameketi karibu na mgono wake.

Uzio ulikuwa na miiko miwili. Mwanamke asitie mguu majini migono ikiwa imetegwa, la sivyo samaki watageuka na kurudi walikotoka. Na siku ya Ijumaa, jua likikaribia kuzama, migono yote itolewe, milango ikae wazi mpaka Sabato iishe. Mwiko wa kwanza ulitoka kwa mababu. Wa pili uliletwa na baba yake Ombui alipobatizwa, aliyesema kwamba samaki wa Sabato ni wa Mungu, na awapeleke atakako. Nyamoita aliupenda huu wa pili. Ule wa kwanza hakuwahi kuuelewa.

"Samaki anajuaje kama mguu ni wa mwanamke?" aliuliza.

Ombui alicheka. "Mimi mwenyewe sijui. Ila sitaki kuwa wa kwanza kujaribu."

Miaka ya mvua kubwa, ile ya kuelekea Uhuru na ule wa Uhuru wenyewe, ningu walipanda wakafurika hata mashambani. Watu waliwaokota kwenye mitaro ya viazi. Kambare nao walinaswa wengi, na kwa kuwa Msabato hali samaki asiye na magamba, wote walikwenda kwa Loice, jirani yao Mkatoliki. "Kanisa lenu lizidi kukua," Loice alikuwa akisema, huku akijaza kikapu.

Mwishoni mwa mwaka uliofuata Uhuru, Ombui alichomwa na kijiti cha uzio alipokuwa akiutengeneza. Kidonda kilikuwa kidogo, akakipuuza. Pepopunda ilimwua kabla hawajapata gari la kumfikisha hospitalini. Nyamoita alibaki na watoto watatu, mkubwa wao Nyangau, na mama mkwe wake Bosibori, ambaye tangu siku ya mazishi ya mwanawe hakuzungumza isipokuwa kwa lazima.

Matanga hayajapoa vizuri, Ombati, mdogo wake marehemu, alikuja kuketi mlangoni. Hakuwa mtu mbaya huyu Ombati. Alikuwa mtu aliyezoea kukubaliwa. Alisema alilokuja kusema, kwamba mke wa ndugu yake sasa ni wa kutunzwa na yeye, kama ilivyo desturi.

"Nina mume, shemeji," Nyamoita akajibu. "Amelala pale nyuma ya migomba. Wewe ndiwe uliyeshika kamba za jeneza."

"Na uzio? Uzio si kazi ya mwanamke."

"Basi na njaa iwe ya wanaume peke yao, nami nitakuachia uzio."

Ombati aliondoka bila kumaliza uji aliopewa. Nyamoita naye masika ilipokaribia alikata fito, akaziba matundu ya uzio, akasuka makoo ya migono kama alivyomwona mumewe akisuka. Wingu la kwanza lilipopasuka alivua viatu, akaingia majini, akategea. Watu walimwona kutoka ng'ambo. Hakujificha.

Kisha mvua ikakatika. Kijito kikapungua, kikawa cheupe, mtu aliweza kuhesabu mawe ya chini. Migono ilikaa mitupu, buibui wakatanda ndani yake.

Maneno yalianza kisimani, yakapanda mpaka sokoni, na kutoka sokoni yakafika kwa Mzee Manasseh, mzee wa kanisa, ambaye ndiye aliyeamua magomvi madogo ya upande ule. Manasseh aliwaita nyumbani kwake. Walikuja wanaume wengi, wake zao wakasimama nyuma ya ua wakijifanya wanachuma mboga.

"Mama Nyangau," Manasseh alianza kwa upole, "hakuna anayekuchukia. Lakini mambo ya wazee yana sababu zake. Uliingia majini, na samaki hawakuja. Unasemaje?"

Nyamoita alikuwa amepewa kigoda. Alisimama.

"Tata Manasseh, nasema hivi. Mnajua fisi maji wa kile kijito? Mwaka jana walikuwa wanakuja mpaka karibu na mtu. Mwaka huu wamekonda, wengine wamehama, na mmoja tumemkuta amekufa kwenye majani, mbavu nje. Korongo wamehama. Mdiria hayuko. Hao nao niliwaroga mimi? Na mahindi yenu yaliyokauka, niliyaingilia kwa mguu upi, wa kulia au wa kushoto?"

Nyuma ya ua mtu alicheka, akanyamazishwa.

"Maneno mengi," Ombati akasema. "Samaki wako wapi?"

"Sijui. Na wewe hujui. Mto una mwisho wake, na mwisho wake ni ziwa. Twende tukaangalie. Wewe na mimi."

Alitaka akatae mbele ya watu wote, na Ombati aliliona hilo. Ndiyo maana alikubali.

Walifuata mto mchana kutwa, Ombati mbele, Nyamoita nyuma, hawasemezani ila pale njia ilipogawanyika. Waliteremka kutoka kwenye ubaridi wa Magwagwa mpaka nchi ya joto ya Wajaluo, ambako ardhi ilikuwa imepasuka na ng'ombe walisimama ndani ya mto kwa sababu mto uliweza kusimamwa. Kwenye maporomoko Nyamoita alitua. Alikuwa amesikia habari za miamba ile tangu aolewe: masika ikiwa nzuri huwa haionekani, maji hupita juu yake na ningu huruka. Sasa ilikuwa wazi, mikavu, mijusi wakiota jua juu yake, na maji yakipita pembeni katika ufa ambao mtoto angeuruka.

"Wewe ungekuwa ningu ungepitia wapi hapa?" akauliza.

Ombati alitazama miamba, akaendelea kutembea.

Mlango wa mto waliufikia siku ya pili. Ziwa lilikuwa bado juu kutokana na zile mvua za Uhuru. Lilikuwa limemeza kingo zake za zamani, na miti iliyokufa ilisimama majini mbali na nchi kavu. Juu ya kila mti mkavu kulikuwa na furukombe, wengine wawili wawili. Ndege wakubwa weupe wenye mifuko midomoni walielea kwa makundi. Kwenye ulimi wa mchanga mamba walilala wakiwa wameshiba, hawajali mtu. Na katikati ya hao wote, mitumbwi, na nyavu za nailoni zilizotandazwa moja nyuma ya nyingine kutoka ukingo hadi ukingo.

Mwanamke mmoja mnene, Mama Apondi, alikuwa akikausha samaki kwa moshi ufukoni. Alikuwa na Kiswahili cha sokoni, Nyamoita alikuwa na cha kanisani, wakakutana katikati.

"Ningu?" Mama Apondi akasema. "Wako hapa. Wote wako hapa! Mto ukija na nguvu, maji mekundu yanaingia ziwani, yanakwenda mbali kule, na ningu wanayafuata mpaka juu kwenu. Mwaka huu maji hayakuja. Samaki amekuja hapa mlangoni, ana mayai, anangoja. Anangoja, anangoja. Sasa ona." Akaonyesha kwa mkono furukombe, mamba, mitumbwi, na moto wake mwenyewe. "Kila mtu anakula."

Alichukua ningu mmoja, akampasua tumbo kwa kidole gumba. Mayai yalikuwamo, lakini yalikuwa yamelegea, yamebadilika rangi, yamegandana kama uji uliolala.

"Amengoja mpaka mayai yamemfia ndani," Mama Apondi akasema, na sauti yake ikapungua. "Huyu hazai tena mwaka huu."

Nyamoita alimshika yule samaki akamtazama kwa muda mrefu. Wakati wote huo wa kusemwa hakuwa amelia, wala kwenye kikao cha Manasseh. Alilia pale, ufukoni, mikono yake ikinuka samaki. Ombati alisimama karibu, akasikia kila neno, akaona kila kitu. Kisha alikwenda kunawa miguu ziwani.

Njiani kurudi Nyamoita alikuwa mwepesi. Alijua atakayoyasema, na alijua ana shahidi. Ndiyo sababu alipofika kwa Manasseh alimwachia Ombati azungumze kwanza.

Ombati alikohoa. "Tumefika ziwani," akasema. "Samaki wako kule, tele. Sijawahi kuona samaki wengi namna ile. Ni wazima, wanene, wana mayai. Hawajafa." Akawageukia watu. "Ila kwetu hawakuja."

Kila neno lilikuwa kweli. Nyamoita alimgeukia shemeji yake.

"Ombati! Sema habari ya miamba! Sema maji!"

"Niliulizwa kama samaki wako. Nimesema wako."

"Umeona mayai yameharibika tumboni! Umesimama pale ukaona! Tata Manasseh, samaki hawa walizuiwa na ukame, walikaa mlangoni wakaliwa na kila mwenye mdomo..."

Lakini watu walikuwa wameshapata walilotaka, wakaanza kuinuka. Uamuzi ulipita kwamba uzio uwe mikononi mwa Ombati, na Nyamoita asisogee kijitoni siku za kutega. Manasseh alipendekeza pia aombewe, kanisa zima limwekee mikono.

"Niombeeni mvua," Nyamoita akasema. "Mimi sina ugonjwa."

Sabato iliyofuata alikwenda kanisani kama kawaida, akakaa kwenye benchi la mbele, na walipoita jina lake la Persis aje aombewe, hakuinuka. Mchungaji alimngoja. Yeye alifungua kitabu cha nyimbo akasoma kimoyomoyo mpaka mchungaji akachoka, ibada ikaendelea. Bosibori, mama mkwe wake, alikuwa ameketi karibu naye. Yeye hakusogea kando, na benchi zima lilikuwa limesogea.

Masika ya mwaka uliofuata ilikuja kama iliyokuwa na deni. Milima yote ilitiririka. Mto Sondu ukawa na rangi ya matofali, ukanguruma hata watu wa juu wakasikia, na bonde la majani marefu likawa bwawa. Ombati alikuwa amejiandaa. Alifuma uzio hata kidole kisipite, akatia migono mipya, akasimika safu ya pili nyuma ya ile ya kwanza ili atakayeiponyoka hii anaswe na ile.

Ningu walifika Ijumaa mchana. Mtu alipiga kelele kutoka shambani, na katika muda mfupi kijiji kizima kilikuwa ukingoni na vikapu. Maji yalikuwa yakichemka kwa migongo ya samaki. Migono ilijaa, ikamwagwa, ikajaa tena. Watu waliokula mahindi ya manjano mwaka mzima walicheka kama walevi. Fisi maji walirudi; vichwa vyao vilionekana chini kidogo ya uzio, hawaogopi mtu. Nyamoita alikuja pia. Alisimama juu, kwenye ukingo, pamoja na Loice na Bosibori, pale alipoambiwa asipite.

Jua lilianza kuinama. Mzee Manasseh alimsogelea Ombati.

"Kijana wangu, Sabato inaingia. Toa migono."

"Tata, mwaka jana hatukula," Ombati akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Sisi twende kanisani. Migono ibaki. Migono haikubatizwa."

Watu walicheka. Manasseh hakucheka, lakini alitazama samaki, akatazama vikapu, akatazama nyuso, kisha akaanza kusafisha koo lake. Nyamoita alilisikia lile koo likisafishwa na akajua mzee ameshindwa. Alitazama chini ya uzio. Kwenye maji mekundu majike waliojaa mayai walikuwa wakigonga vichwa vyao kwenye fito, wanarudi nyuma, wanagonga tena. Zaidi ya uzio kulikuwa na bonde lililozama, majani yote yamelala majini, hakuna samaki hata mmoja ndani yake.

Alivua kitambaa cha kichwa akajifunga kiunoni.

"Nyamoita," Loice akamwita taratibu. "Wewe."

Alikuwa ameshashuka. Watu walimpisha bila kufikiri, na walipofikiri alikuwa majini. Maji yalimfika kiunoni, yakamsukuma, akashika mti wa uzio akajivuta mpaka mlango wa kati. Aling'oa mgono, mzito kwa samaki, akauinua na kuumwaga upande wa juu, kisha akautupa ukingoni. Akang'oa wa safu ya pili. Halafu akageuka, akasimama katika uwazi ule, mkono mmoja kwenye nguzo hii na wa pili kwenye ile, akiwatazama.

"Jua linazama!" akapaza sauti. "Hii ilikuwa sheria ya baba mkwe wangu, na ilikuwa sheria ya mume wangu. Wa leo wanapita!"

Kelele zilizozuka zilikuwa za kila namna. Wengine walimwita mwenda wazimu, wengine walilia kwamba sasa samaki wanakwisha, anawafukuza, mnaona, anawafukuza! Ombati aliingia majini na nguo zake. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa amebakisha kama urefu wa mkono kumfikia, na hapo Bosibori, ambaye hakuwa amesema neno mbele ya watu tangu mazishi, aliita kutoka juu.

"Ombati! Angalia kwanza miguuni mwake."

Ombati aliangalia. Watu wote waliangalia.

Ningu walikuwa wakipita. Walimpita Nyamoita kuume na kushoto, walipita katikati ya miguu yake, walimgonga mapajani wakateleza wakaendelea, mkondo mzima wa samaki ukipanda kumzunguka mwanamke mmoja kama maji yanavyozunguka jiwe. Hakuna aliyegeuka. Wengine waliruka, wakamlowesha uso. Gauni lake lilivimba na kutikisika kwa wingi wao. Nyuma yao fisi maji mmoja, mkubwa, alipita karibu kabisa na kiuno chake, masharubu juu ya maji, akaenda zake bondeni kuwafuata, naye pia hakumjali.

"Haya," Nyamoita akamwambia Ombati, akihema. "Waambie warudi. Waambie kuna mwanamke hapa."

Ombati alisimama, maji yakimsukuma kifuani, na samaki walimpita yeye pia. Loice alianza kucheka kule juu, kicheko kikubwa kisicho na adabu, na baada yake wakacheka wanawake wote. Ombati alirudi ukingoni akachukua viatu vyake. Nyamoita alibaki majini mpaka jua likazama kabisa, kwa sababu hakuwaamini, na alipotoka alikuwa akitetemeka kwa baridi hata hakuweza kufungua fundo la kitambaa chake. Bosibori ndiye aliyemfungulia.

Jumapili walitega tena, na samaki walikuwapo wa kutosha kila nyumba. Mambo yangeishia hapo, lakini juma lililofuata Ombati alisikika sokoni akieleza kwamba ile laana ilikuwa imetolewa na maombi ya kanisa, na ndiyo maana samaki walikubali. Nyamoita aliweka kikapu chake chini katikati ya soko.

"Nani aliyeombewa?" akauliza. "Mimi sikuinuka. Waliokuwapo kanisani semeni. Niliinuka?"

Hakuna aliyesema aliinuka.

Hakukuwa na kikao cha kumrudishia uzio. Masika ya pili alikwenda tu na panga lake kukata fito, na hapakuwa na mtu wa kumzuia. Alitega kwa miaka, akaingia majini alipotaka, na mabinti zake waliingia pia. Mvua ikiwa nzuri samaki walikuja, ikiwa mbaya hawakuja, na hatua kwa hatua watu wakazoea kutazama mawingu kabla ya kumtazama yeye.

Lakini miaka ya sabini ilipofika katikati, hata masika nzuri ilianza kuleta samaki wachache. Mto ulikuwa mwekundu, miamba imefunikwa, majani yamezama, kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa samaki. Wachuuzi waliotoka ziwani walisema nyavu za mlangoni zimekuwa nyingi kuliko zamani, na matundu yao madogo zaidi. Fisi maji walipungua, wakawa wa kuonekana mara moja moja, kisha hawakuonekana. Nyamoita alianza kuacha milango wazi siku nyingine pia, mbali na Sabato, akala mboga.

Nyangau, aliyekuwa ameajiriwa kwenye kiwanda cha majani chai, alikuja likizo akamkuta ameketi karibu na uzio uliofunguliwa.

"Mama, wewe ukiacha, wale wa chini hawaachi. Wewe peke yako utafanya nini?"

"Nitawaacha hawa waliofika," akasema. "Wamepita mamba, wamepita ndege, wamepita nyavu zote zile. Wafike hapa kwangu wafe? Mimi sitakuwa wa mwisho kuwamaliza."

Masika ya mwaka wa 1978 ilikuwa kubwa, na vijana fulani kutoka sokoni, waliosikia kwamba kijito kile kilikuwa na samaki, walileta wavu wa nailoni wakaufunga pale kinapoingia Sondu, chini ya uzio wa Nyamoita. Aliwaonya. Walimwambia maji hayana mwenyewe. Asubuhi ya pili alikwenda na panga, akaukata vipande.

Chifu alimwita barazani. Alisema mali ya watu haiharibiwi, akamtaka aombe msamaha. Nyamoita, ambaye nywele zake sasa zilikuwa nyeupe mbele, alisema angeomba kama angejuta, na hakujuta. Alipewa adhabu ya kulima kiwanja cha ofisi ya chifu. Alikilima chote, mistari imenyooka, akaomba ashughulikiwe haraka kwa sababu mvua ilikuwa bado inanyesha na ana mahali pa kwenda.

Vijana walileta wavu mwingine. Mchana ule Ombati, ambaye goti lilikuwa limemkaa vibaya na siku hizi alishinda ukingoni akichunga mbuzi wake wawili, alimwona shemeji yake akiteremka tena, gauni limefungwa kiunoni. Panga lake lilikuwa limebaki kwa chifu kama ushahidi. Alikuja mikono mitupu.

"Mama Nyangau," Ombati akasema, "safari hii chifu atakufunga."

"Najua. Una kisu?"

Ombati alitazama mbuzi wake. Alitazama mto, uliokuwa mwekundu, umejaa, na kule chini kwenye wavu kitu cha fedha kilipepesuka mara moja, kikapotea. Alitia mkono kwenye mfuko wa koti akatoa kisu cha kukatia kamba, akampa bila kumtazama, kisha akageuka kuelekea mbuzi, akaanza kuwafokea kwa sauti kubwa, ingawa walikuwa wamelala tu.